Shavu la Pili la Sajini Mwero

Nyinyi wawili mliochukua kiti changu mliniuliza siku ile ya kuniaga, mkiwa na soda mikononi, kazi hii ina ugumu gani. Kichwa ni kichwa, mlisema, na mashine za siku hizi zinajua njia zenyewe. Nilicheka kwa adabu kwa sababu wakubwa walikuwepo. Sasa niko nyumbani Likoni, sina wa kunikatiza isipokuwa mke wangu, nami nitawajibu polepole.

Sikuwahi kuwa askari. Niliingia kambini raia, kinyozi, na nikatoka kinyozi. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kuazima na nywele zimejaa kichwani, maana enzi hizo nilijiona kijana wa mjini. Mlinzi wa lango alinitazama kuanzia utosini hadi kisogoni, akauliza kama nimekuja kunyoa au kunyolewa. Fundi Bakari, mzee niliyepelekwa kwake nikajifunze, hakuuliza. Alinikalisha kitini, akanipitishia mashine ya mkono, ile ya kubanabana, na nilipoinuka nilikuwa na upara na kazi.

Fundi Bakari alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyependa redio. Vifaa vyake vilienea kwenye taulo moja: wembe wa kukunja, ukanda wa ngozi wa kuunolea, brashi ya povu, kipande cha shabu cha kuzuia damu, na kioo cha mkono. Wembe hakunipa kichwa cha mtu kwa muda mrefu. Alinifanya ninyoe goti langu mwenyewe, na mpaka leo goti la kushoto halioti kitu. Nilipokata ngozi alinipa shabu bila neno, na shabu ikifika kwenye kidonda hata wewe hutakuwa na neno.

Alichokazania zaidi ni mdomo. Hakutaka mtu aguswe kimyakimya. "Mwambie kwanza, Hamisi," alikuwa akisema. "Mtu yuko na wembe kooni, ataka ajue waenda wapi. Awe kuruta, awe jenerali, mwambie." Basi nikazoea: nainua kidevu, afande. Nageuza kichwa. Jaza shavu. Achia. Haya mawili ya mwisho ni kwa wenye mashavu yaliyobonyea, kwa sababu wembe ukiingia kwenye shimo huruka. Mtu akijaza upepo shavuni ngozi hukazika, unapita mara moja, unamwambia aachie. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi kuliko jina la mke wangu, na yeye mwenyewe amenikumbusha hilo.

Walio kazini ni wepisi. Wananyolewa kwa amri, hawana la kusema. Ugumu ni wastaafu. Mstaafu anaruhusiwa kuvaa sare siku chache maalumu: kuwakumbuka wenzake waliokufa, gwaride fulani, mazishi. Lakini siku anapoivaa, kichwa si chake tena. Nywele zisiguse masikio wala kola. Ndevu hakuna, ila kwa mwenye ruhusa ya maandishi ya dini au ya ngozi. Masharubu yasivuke pembe za mdomo. Kucha fupi. Rangi ya nywele iwe ile aliyopewa na Mungu au iliyo karibu nayo. Asubuhi za sherehe mimi nilikuwa nikikaa na meza yangu langoni, na kitana, na rula ndogo, nikipima masharubu ya watu walionizidi umri na vyeo.

Walinichukia, na siwalaumu. Ndevu ndicho kitu cha kwanza mstaafu anachojipa mwenyewe. Kuna koplo mmoja mstaafu, jirani yangu, alikuja na barua ya ruhusa ya ndevu, safi kabisa, imepigwa mhuri. Ndevu zenyewe alikuwa amezitia hina, nyekundu zinawaka.

"Ruhusa ya ndevu unayo," nikamwambia. "Ya rangi huna."

"Hii ni hina, si rangi. Ni suna."

"Afande, ndevu zako zaonekana kabla ya nishani zako."

"Wallahi, Hamisi, na mpira tumecheza pamoja!"

Hina haitoki kwa sabuni. Alisimama nje ya uzio na nguo za kiraia akiwatazama wenzake, na mwaka uliofuata akaja na ndevu nyeupe, akapita mezani kwangu bila salamu. Sheria ilikuwa yangu kuilinda, lakini roho iliniuma.

Sajini Mwero hakunipa shida hata siku moja. Alikuwa Mduruma wa huko Kinango, amestaafu, amejenga Bofu na mkewe, Mama Kadzo, mwanamke mpole anayeimba kwaya kanisani. Kila mwaka alikuja siku moja kabla ya sherehe, sare kwenye mfuko wa plastiki, akakaa kitini mgongo umenyooka. Alikuwa mwembamba, mashavu yameingia ndani, kwa hiyo jaza na achia nilizisema sana kwake. Ukimwambia jaza, anajaza. Usipomwambia kitu, hafanyi kitu, na ukishamaliza anasema ahsante, basi. Watu wa namna hiyo unawanyoa huku unafikiria chakula cha mchana.

Kisha akaugua, ugonjwa mrefu. Sherehe moja ikapita hajaja. Nilikwenda kumwona mara mbili. Ndevu zilikuwa zimefika kifuani, nyeupe, na alionekana mtu mwingine. Mara ya pili alinitazama tu kiganjani, kule kunakoshikwa wembe. Mwezi ule ule akafariki.

Mama Kadzo alikuja kambini na ombi moja: mumewe azikwe na sare, kama alivyomwomba yeye. Kumwomba yeye peke yake ndiko kulikoleta neno. Kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Nyawa, alikuwa ameshuka kutoka Kinango na ndugu zake, na hakumpenda shemeji yake tangu siku ya harusi. Alisema marehemu hakuwaambia wao lolote, na kwamba mama huyu ataka maonyesho. Ruhusa ilitoka. Luteni Wanza, yule binti wa bara aliyesimamia sherehe, mnamjua, ndiye aliyeniita.

"Mzee Hamisi, sheria ni ile ile," akaniambia. "Akivaa sare, ananyolewa. Nitamkagua mwenyewe huko nyumbani saa saba, kabla hawajafunga jeneza."

Asubuhi nilikwenda mochari na taulo langu. Mhudumu wa pale, Kombo, alikuwa amemtoa kwenye jokofu mapema na kumlaza chali mezani. Nilimfunga taulo shingoni, nikapunguza ndevu kwa mkasi, nikakoroga povu. Nilikuwa sijawahi kunyoa maiti. Nilijua tu jinsi ya kunyoa Mwero, basi nikafanya hivyo.

"Afande, naanza," nikasema. "Nainua kidevu."

Kombo akacheka. "Mzee, huyo hasikii."

"Najua. Nasikia mimi."

Koo likaenda vizuri. Nikaja shavu la kushoto, ambalo ugonjwa ulikuwa umelichimba mpaka meno yanahesabika juu ya ngozi. Wembe ukaruka mara moja. Na mimi, mkono kwenye sikio lake, akili mbali, nikasema kama nilivyosema maisha yangu yote, "Jaza shavu, afande."

Shavu likajaa.

Halikushtuka, halikutikisika. Lilipanda polepole kutoka ndani, midomo imefungwa, mpaka ngozi ikakazika vile inavyotakiwa. Kombo aliacha kumimina maji, nami nikayasikia matone yanavyoanguka kwenye sakafu. Mtaniuliza kwa nini sikukimbia. Miguu ilitaka. Mkono ndio uliokataa, kwa sababu shavu likishajaa halingojwi. Wembe ulipita, mara moja, kutoka sikioni hadi mdomoni, na ukapita vizuri kuliko siku zote.

"Achia," nikasema.

Likashuka. Pumzi ikanigonga kifundoni mwa mkono, baridi, ina harufu ya dawa.

Niliweka kioo puani mwake, nikangoja. Kioo hakikufanya ukungu. Kombo alikwenda mbio kumwita daktari, na daktari akaja, akasikiliza kifua, akamulika macho, akatuambia huyu amekufa siku mbili zilizopita na kwamba maiti ina hewa tumboni, hupanda na kushuka, na watu wazima hatukupaswa kumsumbua. Sibishani na madaktari. Ila najua hewa ya tumboni haingoji kuambiwa, wala haichagui shavu.

Lilibaki la kulia. Nilikataa kusema. Nilijaribu kuivuta ngozi kwa vidole, ikateleza, wembe ukamkata chini ya shavu, mkato mrefu kama ukucha. Haukutoa damu. Ulifunguka mweupe, ukabaki hivyo, na kipande changu cha shabu kikawa hakina kazi. Kitu hicho kilinitisha kuliko lile shavu. Nikaona bora nimwambie kuliko kumchanachana.

"Jaza shavu, afande," nikanong'ona, na likajaa.

Nilikuwa namalizia wakati dereva wa gari la maiti alipoingia akipiga kelele kwamba gari limeziba njia na watu wa nyumbani wanapiga simu. Kombo akafuta povu, tukaanza kumvika: shati, koti, nishani, bereti. Tulifanya haraka. Nilikuwa upande wa kushoto nikiinyoosha kola, kichwa kimelalia upande wa pili. Kifuniko cha jeneza kikawekwa, wakaondoka. Mkifungua daftari la kazi la siku ile mtaona nimeandika: mstaafu amenyolewa, viwango vimetimia.

Nilikuwa nyumbani nauosha wembe bombani ndipo nilipokumbuka. Nilisimama pale maji yakimwagika bure. Neno la pili sikulisema.

Simu ililia kabla sijafunga bomba. Alikuwa Mama Kadzo, analia kwa sauti ndogo.

"Hamisi, ndugu yangu, umemfanya nini mume wangu? Wamefunua watu watoe heshima, uso umevimba upande mmoja. Mzee Nyawa asema amepigwa. Asema mimi nimempiga, au nimempa kitu. Hazikwi, arudishwa akapasuliwe, na mimi nitoke uani mpaka ijulikane."

"Naja," nikamwambia.

Kutoka kwangu hadi Bofu si mbali. Nilikwenda kwa miguu, wembe mfukoni, jua la saa saba juu ya upara. Turubai lilikuwa limejaa watu. Kwaya ilikuwa imenyamaza, vitabu vimefungwa mapajani. Jeneza lilikuwa juu ya meza mbili, wazi, na Mzee Nyawa amesimama mbele yake mikono kiunoni. Mama Kadzo walikuwa wamemtoa hadi nje ya lango la ua wake mwenyewe, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kanga kichwani. Hapo nilipandwa na hasira, na hasira ikanisaidia kuingia.

Nilimwona Mwero. Amevaa kama siku ya gwaride, na shavu la kulia limejaa, linang'aa, midomo imebanwa. Watu waliona uvimbe. Mimi niliona mtu aliyeambiwa jambo na anaendelea kulifanya.

"Shikamoo, Mzee Nyawa," nikasema.

"Marahaba. Rudi ulikotoka."

"Kuna ndevu nimeziruka. Nimalize dakika moja."

"Ndevu?" Sauti yake ilipanda. "Ndugu yangu amepigwa mpaka akavimba, nawe waniletea habari za ndevu?"

Luteni Wanza alikuwa ameegemea gari na askari wake wanne, ametazama saa mara nyingi. Akasogea. Nadhani alikuwa hajui la kufanya na akashukuru kupata jambo lililoandikwa kwenye kanuni.

"Mzee, kama kuna ndevu, hiyo sare namvua sasa hivi," akamwambia Nyawa. "Hiyo haina mjadala. Mpishe kinyozi afanye kazi."

Nyawa akapisha, hatua moja tu. Nikainama, nikaufungua wembe kwa ajili ya macho ya watu, nikaweka mdomo karibu na sikio lile.

"Achia, afande," nikanong'ona.

Hakufanya kitu. Nikarudia, na tena hakufanya kitu. Jasho lilinidondoka kwenye nishani zake. Niliogopa sana wakati ule, na sikumwogopa yeye. Niliogopa kwamba nimechelewa, kwamba atashuka na shavu lile udongoni na kulishika huko siku zote, kwa sababu ya dereva na kelele zake. Kisha nikajisikia mwenyewe. Nilikuwa nanong'ona kama mwizi. Katika miaka yote hakuna siku niliyomwamrisha Mwero kwa kunong'ona isipokuwa asubuhi ile, na hata asubuhi ile alinisikia kwa sababu chumba kilikuwa kimya. Nikanyooka, nikatumia sauti yangu ya kazini, na turubai zima likasikia.

"Achia, afande."

Shavu likashuka. Lilishuka polepole, bila haraka, na pumzi ikatoka kwa muda mrefu kuliko pumzi ya mtu, nikaihisi ikinipita mkononi. Uso ukakaa sawasawa pande zote mbili. Wanawake wa mstari wa mbele walipiga kelele, viti vikaanguka. Mzee Nyawa alikaa chini kwenye mchanga, na suti yake.

"Umemwambia nini?" akaniuliza.

"Nimemwambia aachie."

"Kwani nani alimshikisha?"

"Mimi. Asubuhi nilimwambia ajaze shavu nimnyoe. Nikasahau neno la pili. Kosa ni langu, mzee. Mke wa nduguyo hana kosa lolote, na umemkalisha juu ya ndoo."

Nyawa akageukia lango, akamwambia mmoja wa vijana wake, "Kamwite shemeji yangu," na kijana akaenda.

Mama Kadzo akaja akitembea taratibu, watu wakimfungulia njia. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa tayari. Hakunitazama usoni. Alikuwa akimtazama mumewe.

"Hamisi. Yuasikia?"

"Sijui, Mama Kadzo. Najua afuata."

"Ukimwambia neno, hulishika mpaka umwondolee?"

"Leo imekuwa hivyo."

Akaweka mkono mdomoni. Kisha akauondoa, akazungumza, polepole, na kila mtu akasikia.

"Siku aliyofariki nilikuwa sipo. Dawa zilikwisha, nikaenda kuchukua kule dukani. Aliniona navaa viatu akanishika nguo. Nikamwambia, ningoje, Baba Kadzo, naja sasa hivi. Niliporudi nikamkuta amekwisha. Hamisi, mimi nilimwambia aningoje."

Nikaukunja wembe, nikampisha.

Akainama juu ya jeneza. Hakunong'ona. Aliongea naye kama mtu na mumewe jikoni.

"Baba Kadzo, nimekuja. Dawa nimepata. Usiningoje tena, mume wangu, nenda."

Naandika nilichokiona, na Luteni Wanza yuko kambini, muulizeni. Mabega ya lile koti, ambayo mimi na Kombo tuliyanyoosha asubuhi tukidhani ni ugumu wa maiti, yalishuka. Yalishuka yote mawili pamoja, kama ya askari aliyesimama sana juani na sasa ameambiwa apumzike. Kola ikalegea shingoni.

Luteni alipiga saluti. Haikuwa wakati wake, kanuni inasema baada ya kaburi, na hakuna aliyemkosoa. Mzee Nyawa akainuka kutoka mchangani, akakichukua kifuniko yeye mwenyewe, akasimama nacho, akingoja.

Mama Kadzo aliirudisha kola mahali pake kwa vidole viwili.

"Haya," akasema. "Fungeni."